Jumuiya ikianza kudai kitambulisho, umoja wa taifa uko wapi?

Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo katika parokia moja hapa Eastlands, Nairobi. Usidhani nilipewa cheo hicho kwa sababu ya utakatifu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponilemea, nikarudi kwa mathe, na wamama wa CWA wakapiga hesabu yao: huyu kijana anaandika haraka, na Alhamisi jioni hana pa kwenda. Hawakukosea. Tangu 2021 mimi ndiye hubeba daftari.

Daftari lenyewe ni la kawaida, jalada limeshikiliwa na selotepu. Ndani kuna majina ya nyumba 31 na mchango wa kila nyumba kwa mfuko wa msiba, shilingi 200 kwa mwezi. Ukifiwa na mzazi, mume, mke au mtoto, jumuiya inakushika mkono na 30,000. Hakuna hadithi ndefu. Umelipa, umefiwa, unasaidiwa.

Basi mwezi wa pili mwaka wa 2025, mwanachama wetu mmoja akafiwa na mamake. Mtaa mzima unamwita Mama Vitenge kwa sababu ndiyo kazi yake, kuuza vitenge na kushona. Ni Mkongomani. Mamake alifariki Goma, wiki chache baada ya waasi wa M23 kuuteka mji huo mwishoni mwa Januari. Uwanja wa ndege wa huko ulikuwa umefungwa, barabara zenyewe ni roho mkononi, na nauli hakuwa nayo. Alimzika mamake kwa simu iliyokuwa inakatika kila dakika mbili.

Alhamisi hiyo tulikutana kwa mzee mmoja. Tulisali rozari, tukasoma Injili, tukafika kwa matangazo. Mwenyekiti akasema kuna ombi la rambirambi. Halafu akakohoa. Wasee, mkiona mwenyekiti anakohoa kabla ya kuzungumza juu ya pesa, jueni kuna jambo.

"Huu mfuko ni wa wananchi," akasema.

Mwingine akauliza tutajuaje kama huyo mama amekufa kweli. Mwingine akataka barua ya chifu. Kijana mmoja nyuma akasema, "Chifu wa Goma?" na watu wakacheka. Mama Vitenge alikuwa ameketi palepale kwenye stuli karibu na mlango, mtoto wake mdogo amemlalia mapajani. Hakubishana. Alingoja kicheko kiishe, akasema, "Aksanti, ndugu zangu," akamwamsha mtoto, akatoka.

Sasa sikilizeni nilichofanya mimi. Daftari lilikuwa kwangu. Nilijua alianza kulipa Agosti 2021 na hakuwahi kuruka mwezi hata mmoja. Ni miezi 43. Ni shilingi 8,600. Nilijua pia ni nani kati ya waliokuwa wakiongea kwa sauti kubwa alikuwa na deni la miezi mitatu. Yote yalikuwa kwenye ukurasa uliofunguka mbele yangu. Nilinyamaza nikajifanya naandika.

Nimeishi na kunyamaza huko tangu siku hiyo, na makala hii ni njia yangu ya kuongea, hata kama nimechelewa.

Lakini kilichonitisha zaidi kilitokea baada ya Mama Vitenge kutoka. Mlango haukuwa umefungika vizuri kabla mzee mmoja hajasema, "Na tukishamaliza ya hawa wageni, tuangalie pia hawa wenzetu wa kusafirisha maiti hadi magharibi kila mwezi. Hao ndio wanamaliza mfuko." Chumba kikanyamaza. Theluthi moja ya waliokuwa pale kwao ni magharibi, na mama yangu ni mmoja wao. Watu walewale waliocheka chifu wa Goma sasa walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Mnaona? Tulianza kuchora mpaka Goma, na haikuchukua dakika kumi ukafika Busia.

Hilo ndilo ninalotaka kusema leo. Tunazungumza kana kwamba kuna mambo mawili tofauti: kuna umoja wa Wakenya, ambao ni mzuri na tunauombea kila Jumapili, halafu kuna suala la wageni, ambalo tutaliangalia tukipata nafasi. Mimi nimekuja kuamini ni jambo moja. Swali linaloulizwa Mkongomani mlangoni, "wewe ni wa wapi hasa?", ndilo lilelile Mkenya huulizwa akitafuta nyumba, kazi au kura. Ukilizoea kwa mmoja, utalitumia kwa mwingine.

Alhamisi iliyofuata mama yangu aliomba nafasi ya kusema. Mathe ni mtu wa maneno machache. Anauza mboga, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya, basi. Alisimama akasema kitu ambacho hata mimi mwanawe sikuwa nimewahi kukisikia chote.

Januari 2008 tulikuwa Nakuru. Mimi nilikuwa na miaka minane na ninachokumbuka ni moshi na mbwa waliokuwa wanabweka usiku kucha. Mama ni Mluhya, baba alikuwa Mkikuyu. Kwa hivyo kwa upande mmoja tulikuwa maadui kwa sababu ya baba, na kwa upande wa pili kwa sababu ya mama. Nyumba ilichomwa. Tulikimbilia kiwanja cha kanisa Katoliki, na kumbuka wakati huo sisi tulikuwa wa dhehebu lingine kabisa. Mathe alikuwa hajawahi kukanyaga pale.

"Tulilala pale siku 19," akawaambia. "Hakuna aliyetuuliza kitambulisho. Na hata angeuliza, vilikuwa vimeungua."

Akaketi. Ndio nikajua kwa nini sisi ni Wakatoliki.

Kwa wenzangu ambao walikuwa watoto au hawakuwa wamezaliwa, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafukuza makwao zaidi ya 600,000. Maelfu ya Wakenya walivuka mpaka wakaingia Uganda, na baadaye baadhi yao wakapelekwa kambi ya Kiryandongo. Ndiyo, Wakenya. Walipiga foleni ya chakula katika nchi ya watu, wakiwa na karatasi zinazosema mkimbizi. Waganda wangeweza kuwauliza barua ya chifu wa Eldoret. Tunapenda sana kujiita nchi inayopokea wakimbizi, na ni kweli tuna zaidi ya 800,000, wengi wao Dadaab na Kakuma. Ila tunasahau haraka kwamba tumewahi kuwa upande ule mwingine wa meza.

Pesa zilitolewa hatimaye. Wiki tatu baadaye, baada ya paroko kuingilia kati, Mama Vitenge alipewa 30,000 zake. Alizipokea, akatia saini kwenye daftari langu, na hajaonekana jumuiya tena.

Ingekuwa imeishia hapo, labda nisingeandika. Lakini kamati imeleta marekebisho ya katiba ya jumuiya. Nimeyapiga chapa mimi mwenyewe. Kipengele cha nne kinasema mwanachama wa mfuko sharti awe na kitambulisho cha taifa. Tunapiga kura mkutano wa mwisho wa mwaka. Nitapiga kura ya la, na ningependa kueleza sababu, kwa sababu najua jumuiya yetu siyo ya kwanza wala ya mwisho kuwa na wazo hili.

Nianze na hoja za wanaokiunga mkono. Si watu wabaya. Wengine wamenibeba mgongoni nikiwa mtoto.

Wanasema maisha ni magumu, tusaidie wetu kwanza. Naelewa. Mimi ni kijana bila cheti na bila kazi ya mshahara, kama kuna mtu angepaswa kukasirikia mgeni ni mimi. Lakini nilipoacha chuo, mtu wa kwanza kunilipa kwa kazi yoyote alikuwa Mama Vitenge. Alinipa shilingi 300 kwa wiki nimpigie picha vitenge vyake, niandike maelezo na kuviweka mtandaoni. Kuandika kwangu kulianza pale, kwa kueleza rangi za kitenge. Ana wasichana wawili wanaomsaidia kushona, wote Wakenya. Sare za kwaya yetu alizishona kwa mkopo, na tulimaliza kumlipa baada ya miezi sita. Halafu tukamwambia mfuko ni wa wananchi. Na tusisahau kwamba hakuomba sadaka. Aliomba alichochangia.

Wanasema pia hatujui historia yao, tunaweza kuibiwa. Sawa, tuongee ukweli. Kabla sijawa katibu, pesa za mfuko huu zilishawahi kupotea, zote. Aliyezibeba alikuwa na kitambulisho. Alikuwa na shamba ushago, alikuwa na cheo, na alikuwa anasoma somo la kwanza Jumapili. Kitambulisho kinaonyesha umezaliwa wapi. Uaminifu wa mtu unaonekana kwenye daftari, na daftari la Mama Vitenge halina doa.

Kuna hoja ya usalama, na hii siwezi kuifanyia mzaha. Westgate 2013 na Garissa 2015, ambako watu 148 waliuawa, ni majeraha ambayo bado yanauma. Lakini mfuko wa msiba haukagui mabomu. Serikali ndiyo husajili wakimbizi na kuwapa vitambulisho vyao vya ukimbizi, na sheria ya wakimbizi ya 2021 imeeleza haki zao na wajibu wao. Mtu ambaye nyumba 30 zinamjua kwa jina, zinajua watoto wake wanasoma wapi na Alhamisi asipokuja zinampigia simu, ndiye mtu aliye wazi zaidi. Ukimfukuza kutoka kwa watu wanaomjua, umepunguza usalama.

Sasa tuje kwa imani, maana huu si mkutano wa chama cha matatu. Huu ni mkutano unaoanza na rozari.

Nilipokuwa nauliza uliza kuhusu jambo hili nilijifunza kitu kilichonifanya nicheke peke yangu kwenye keja. Hizi jumuiya ndogo ndogo tunazosema ni zetu, unajua wazo lilianzia wapi? Maaskofu wa Kongo walikuwa miongoni mwa wa kwanza barani Afrika kuamua kujenga Kanisa kwa njia hii, mwaka 1961. Maaskofu wa ukanda wetu, kupitia AMECEA, waliikumbatia njia hiyo miaka ya 1970. Kwa hivyo tumemwambia mama wa Kongo kwamba jumuiya si yake. Bana, hiyo ni kama kumzuia Mwitaliano kula piza.

Angalia na watakatifu tunaowaomba watuombee. Kila tarehe 3 Juni kuna Wakenya wanaotembea kwa miguu hadi Namugongo kwa ajili ya mashahidi wa Uganda. Bakhita, ambaye jina lake limebandikwa kwenye shule na vikundi vyetu, alizaliwa Sudan, akauzwa utumwani, na akafa Italia, mgeni. Anuarite, ambaye mabinti wengi wa hapa wamebatizwa kwa jina lake, ni Mkongomani. Sista Irene Stefani, yule ambaye watu wa Nyeri walimwita Nyaatha, alitangazwa mwenye heri huko Nyeri Mei 2015, na alikuwa mhamiaji kutoka Italia. Hata mmoja wao hangepita kipengele cha nne.

Na juu ya wote hao kuna Yesu mwenyewe, aliyebebwa akiwa mtoto mchanga kukimbilia Misri usiku kwa sababu mfalme alitaka kumuua. Katika Mathayo sura ya 25 anajiweka kwenye orodha pamoja na wenye njaa, wagonjwa na wafungwa, na anasema atatudai habari za mgeni. Sijaona mahali anapouliza mgeni huyo alikuwa na karatasi gani. Na Agano la Kale linapowaagiza Waisraeli wampende mgeni, sababu inayotolewa ni kwamba wao pia walikuwa wageni kule Misri. Ni maneno ya mathe kabisa: kumbukeni mlikolala.

Kanisa halijaacha jambo hili kuwa la hiari ya kamati. Tangu 1914 kuna siku maalumu ya kuwaombea wahamiaji, ambayo sasa ni ya wahamiaji na wakimbizi. Hayati Papa Francis, safari yake ya kwanza nje ya Roma mwaka 2013 ilikuwa kwenda Lampedusa, kisiwa wanakofikia wahamiaji waliovuka bahari kutoka Afrika. Aliacha vitenzi vinne: kukaribisha, kulinda, kuendeleza, kushirikisha. Parokia nyingi tunaweza cha kwanza. Tunakaribisha vizuri, tunapiga makofi, tunamwambia mgeni asimame tumwone. Shida huanza kwenye kile cha nne, pale mgeni anapotaka kuacha kuwa mgeni.

Sasa niwageukie wenzangu, vijana, kwa sababu wazee tumewalaumu vya kutosha.

Juni 2024 nilikuwa katikati ya jiji kama wengi wenu. Nilikohoa moshi wa vitoa machozi. Bango langu lilisema hatuna kabila. Tulimaanisha, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuona watu wasiojuana wakigawana maji bila kuulizana majina ya pili. Na Novemba mwaka huohuo tulimshangilia Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alipokataa michango ambayo Rais na wanasiasa wengine walikuwa wametoa kanisani Soweto. Tukasema Kanisa limeamka.

Lakini haikupita miezi minane tangu nibebe lile bango, na nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki na daftari mkononi, nilishindwa kusema sentensi moja: "Mama huyu amelipa." Hakukuwa na polisi pale. Hakukuwa na moshi. Kulikuwa na wazee kumi wanaonijua tangu utotoni, na hao walinitisha kuliko lori la maji. Manze, ni rahisi kukosa kabila barabarani ambako hakuna anayekujua. Kazi ni kulikosa Alhamisi, mbele ya majirani.

Na usiseme wewe si mtu wa kanisa kwa hivyo hayakuhusu. Kongo, Sudan Kusini, Burundi na Somalia zote sasa ziko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja nasi. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaolenga kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab ziwe makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wanaishi na kutumia huduma pamoja. Mipango ya serikali inaweza kufaulu au kufeli, hilo tutaona. Ila hakuna karatasi ya serikali inayoweza kukufundisha kumsogezea mtu kiti. Hilo linafunzwa kwenye chama, kwenye timu ya mpira ya mtaa, kwenye kwaya, kwenye ploti unakoishi.

Kwa hivyo siku ya kura nitasoma mapendekezo yangu kabla ya kusoma ya kamati. La kwanza, kipengele cha nne kifutwe, na mahali pake paandikwe kwamba mwanachama ni yeyote anayeishi eneo la jumuiya, anayehudhuria na kuchangia kwa miezi sita. Hiyo itamhusu Mkongomani, Mturkana na jirani aliyehamia jana kutoka Kileleshwa. La pili, msiba usitofautishwe kwa umbali. Anayezika Lang'ata, anayezika Kakamega na anayezika kwa simu Goma wote wamefiwa. La tatu, nikikubaliwa, daftari lisomwe kwa sauti kila baada ya miezi mitatu, jina na malipo, ili siku nyingine katibu akiwa mwoga ukweli uwe tayari unajulikana.

Naweza kushindwa. Nimehesabu kura na hazijatosha bado.

Wiki iliyopita nilienda kwa Mama Vitenge. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha njia nzima, yakanitoka kwa fujo mlangoni. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kitambaa na pini mdomoni. Akazitoa pini, akaniambia kwamba siku ile hakuumizwa na waliosema mfuko ni wa wananchi, kwa sababu hao hawakuwa wanajua hesabu zake. Alinitazama mimi.

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sijui kama atarudi. Kwenye daftari, jina lake bado liko namba 17, na tangu Machi mstari wake hauna kitu. Sijaukata, na bora niwe bado katibu, hautakatwa. Kama uko kwenye jumuiya yoyote, ya Wakatoliki, ya Waislamu, ya wapigaji picha, hata chama cha kununuliana sufuria, angalia orodha yenu. Kuna mtu ambaye mstari wake umekaa wazi na mnajua kwa nini. Mpigie simu kabla ya Alhamisi.